Ya Kwanza Huganda

Kikaango cha bibi Nyanzala ni kizito
kuliko mtoto aliyelala.
Mpini nao chuma kitupu; nimeuzungushia kitenge kikuukuu.

Igogo umeme umekatika tangu saa kumi.
Upepo wa ziwani unapuliza mkaa
bila kuombwa.

Ndizi tatu zenye madoa,
zile mwenye genge huniuzia kwa huruma.
Unga: kiasi. Maji: kiasi.
Iliki: ukiwa nayo.
Ndivyo alivyoandika bibi
nyuma ya kadi ya kliniki ya mama.
Kiasi gani, bibi?

Chapati ya kwanza inaganda, inachanika.
Milembe anaikwangua na kijiko,
anaila amesimama, mafuta kidevuni.
"Baba, hii hii ndiyo tamu."

Ya pili inageuka vizuri, duara kamili.
Hakuna anayeitazama.