Ndani ya Buti

Fundi Wepukhulu alinifungia ndani ya buti
la Peugeot ya Bi. Akiteng, ya mwaka sitini na saba,
rangi ya maziwa yaliyochacha,
akaacha upenyo wa vidole vitatu, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya katani.
"Lala kifudifudi. Sikio kwenye bati.
Usiniambie unachofikiri, Khainza. Niambie unachosikia."

Huko Kampala gereji mbili zilishamwambia mama
ekseli nzima itupwe, difu imekula meno yake yenyewe.
Bei waliyotaja ingenunua ng'ombe wanne
na kamba za kuwafungia.

Tukatoka Namatala, tukashika lami ya Kumi.
Kwenye arobaini, kimya.
Kwenye hamsini ukaanza mvumo,
nyuki waliohamia ndani ya debe,
na chini ya mvumo kitu kinasaga, krr, krr,
kama mgeni anayetafuna wali wenye mchanga
na adabu inamkataza kutema.

"Nikikanyaga mafuta?"
"Uleule!"
"Nikiachia?"
"Uleule!"
"Gia huru sasa. Inalia vipi?"
"Haijabadilika, fundi!"
"Nini?"
"HAIJABADILIKA!"

Basi si difu, nikawaza, maana difu ina kinyongo:
hulia ukiisukuma, au hulia ukiiachia,
haina neno moja kwa mzigo na kwa mapumziko.
Lakini nilikatazwa kufikiri.
Akaiteremsha kwenye vumbi. Tairi zikanyamaza,
krr ikabaki, pamoja na vumbi lote la Bugisu
puani mwangu.

Tukarudi mjini, tukauzunguka mnara wa saa
mara tatu, boda boda wakitutukana kwa lugha nne.
Gari likakata kulia, uzito ukamwagika kushoto,
nami nikamwagika nao juu ya spana,
na mvumo ukanenepa, ukanenepa, ukajaa buti.
Alipokata kushoto kutoka,
ukakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Gurudumu la kushoto!" Nikapiga bati kwa ngumi.
Hakujibu. Nikapiga tena.

Gereji. Jeki, na gogo chini ya jeki, maana jeki ile huwa inasahau.
Nikazungusha gurudumu kwa mkono.
Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaikita kwenye ekseli,
na mpini, ambao sisi wanagenzi alitufundisha kuuweka sikioni,
akauweka kwenye meno.
Akauma. Akafumba macho.

Mwaka mzima ameniuliza, "Inalia vipi, Khainza?"
Nikidhani ni mtihani. Nikijibu kwa madaha,
nikingoja anisahihishe.

Bi. Akiteng, mkunga wa miaka thelathini,
aliyesikiliza matumbo ya nusu ya Kumi kwa kipembe cha mbao,
aliitazama bisibisi ile mdomoni mwa mwanamume,
kisha akanitazama mimi.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gomesi
muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Tukavua ngoma ya breki, tukavuta shafti.
Beringi ikatoka imefunikwa grisi nyeusi,
nikaiosha kwa petroli kidogo kwenye kopo la maharage,
na njia ya gololi ikajionyesha: vishimo, vishimo,
uso wa mtu aliyepona ndui.
Mpya tuliipata duka la Mhindi, nyuma ya soko.
Bei yake haikufika mkia wa ng'ombe mmoja.

Jioni tukaijaribu tena barabara ya Kumi,
safari hii nimeketi mbele kama mtu.
Arobaini. Hamsini. Sabini, mama akiwa nyuma anashika kiti.
Tukasimama kando ya kibanda cha chapati.
"Inalia vipi?" akauliza.
Nikashuka, nikazunguka mpaka dirishani kwake,
nikasimama pale taa ya kibanda inaponipiga mdomoni.
"Ha-i-li-i," nikasema.

"Mbona unatamka kama mwalimu wa chekechea?"
Akanigeuzia kisogo,
akaanza kuhesabu nati alizobakiza mfukoni.