Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa tatu na dakika arobaini,
hoteli ya pili ukipita Mnara wa Saa,
katika ukumbi wenye jina la mlima
ambao dirishani hauonekani.
Agenda ya pili: Rasimu ya Mkakati wa Taifa wa Sayansi Huria.
Mimi ndiye niliyeandika.
Karani haulizwi maoni, huulizwa kama chaja ipo.

Profesa Ndosi akasema: utafiti uliolipiwa kwa kodi
usiuzwe tena kwa mlipa kodi.
Meza zikagongwa.
Dokta Kinunda akasema: asipotozwa msomaji hutozwa mwandishi,
dola elfu mbili kwa makala moja,
mshahara wangu wa miezi minne.
Hapo hakuna aliyegonga meza.

Nikaandika yote. Mkono unajua njia.

Mwaka wa tisini na nane, nikiwa darasa la nne,
shule yetu ng'ambo ya daraja la Maji ya Chai,
walikuja watu wa makoti meupe.
Wakatupanga mstari. Fungua mdomo. Cheka.
Sisi tulikuwa hatuwachekei wageni,
tulishajua kufunika kinywa kwa kiganja,
meno yetu rangi ya chai iliyolala,
nasi tumeambiwa ni ukoo, ni laana, ni uvivu wa mswaki.
Wakakinga maji ya mto, ya bomba,
ya kisima cha akina Nanyaro,
wakaniandika namba mkononi kwa wino wa bluu:
mia moja na kumi na mbili.
Wakatugawia biskuti, mbili mbili.

Kaka yangu Anaeli alikuwa mia moja na kumi na tatu.
Miguu yake ilishaanza kupinda.
Mama akaendelea kuteka pale pale.
Angeteka wapi? Nani alimwambia?

Nimekuja kuipata makala yao ukubwani.
Ina kichwa kirefu na waandishi saba,
na jina la kijiji chetu limekosewa.
Aya ya kwanza unaonjeshwa,
kisha kufuli dogo la rangi ya dhahabu:
dola thelathini na tisa, kusoma kwa saa ishirini na nne.
Kufuli juu ya meno yangu.
Juu ya kisima ninachokifikia kwa miguu
kabla chai haijapoa.

Saa sita na robo, kifungu cha nne.
Rasimu ilisema ni lazima matokeo yarudishwe,
wazi, bila malipo,
kwa lugha inayosomeka pale yalikochukuliwa.
Mama Rweyongeza wa wizarani akashusha miwani.
"Lazima," akasema, "ni neno lenye bajeti."
Wakalizungusha kwa nusu saa
likatoka likiwa inapowezekana.
Nikafuta herufi sita, nikachapa kumi na tatu.
Neno limerefuka hivyo,
na ahadi imebaki kipande.

Mbele yangu palikuwa na chupa ya maji.
Kwenye lebo, kwa herufi za kuchungulia,
wameandika kiasi cha floraidi kilichomo.
Bure kabisa,
kwa yeyote aliyekwisha kununua maji.

Agenda ya saba: Mengineyo.
Mwenyekiti akauliza kama kuna la ziada.
Pilau ilikuwa imeshanukia; hapakuwa na la ziada.
Kikao kikaahirishwa saa saba kasorobo.

Muhtasari nilioutuma jioni ile una kurasa tisa.
Kama kuna atakayefika ukurasa wa tisa,
atakuta, chini ya Mengineyo,
maneno ambayo ukumbini hayakusemwa:

Mshiriki namba 112 alihudhuria.
Anaomba nakala yake.
Ya namba 113 apewe yeye ampelekee,
maana mwenyewe hapandi ngazi.