Maneno Yasiyozidi Hamsini

Swali la kumi na moja liko chini kabisa,
pale mtu anapofika kidole kimeshachoka:
Je, kwa sasa umesajiliwa katika chuo kingine?
Visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.
Kisha mstari: Kama ndiyo, eleza sababu,
kwa maneno yasiyozidi hamsini.

Saa nne ya usiku, Wete, Limbani,
duka la fotokopi la Asaa.
Mlango keshauteremsha nusu,
ananingojea kwa adabu
maana nilimsomesha hesabu darasa la saba
na mpaka leo ananiita tichea.

Ndiyo, nimesajiliwa.
Uzamili, mwaka wa pili, Utawala wa Elimu.
Posa ile ililetwa na ofisi:
Mwalimu Mize, nafasi moja imebaki,
ada inalipwa, tia sahihi hapa.
Nikatia, kama mwari aliyeozwa
asiyemjua bwana mpaka siku ya kuingia ndani.
Si mbaya. Sina la kumsema.
Atanipandisha daraja, atanitengenezea pensheni.
Kila baada ya wiki mbili nampandia boti,
natapika mkondo mzima, nafika Tunguu
nimeshika limau na bajeti za skuli.
Ila sijawahi kuamka usiku kwa ajili yake.

Huyu mwengine nilimkuta kisimani.
Mwaka ule maji ya kwetu Kiuyu yalipogeuka,
mama akapika chai, akaonja, akamwaga,
akapika tena,
akadhani mkono wake ndio uliozeeka.
Nikachota chupa saba,
nikaziandika tarehe kwa plasta,
nikazipanga dirishani kama wagonjwa.
Tangu hapo nasoma bila cheti, bila ruhusa:
mawe ya chokaa, vina, mvua,
jinsi bahari inavyopenya chini kwa chini
ikaingia majumbani mwa watu bila hodi.
Sasa wametangaza. Sayansi ya Maji.
Nafasi kumi na mbili. Mwisho usiku huu.

Nimeuliza, kila mtu ana lake.
Mama: mshika mbili, moja humponyoka.
Dokta Khatib, msimamizi wangu:
Maliza kwanza, Mize, elimu haina mwisho,
kana kwamba hiyo ni sababu ya kungoja.
Shaame, mume wangu, alicheka mpaka akaweka kikombe:
Shahada mbili kwa mpigo?
Utaweza kuzifanyia uadilifu?

Akajisikia mwenyewe. Akanyamaza.
Maana zamu yake ya siku tatu iko Mkoani,
nyumba ya bati jekundu, tangu mwaka juzi,
na mimi fomu sikuletewa.

Asaa anakohoa.
Weka Hapana, tichea. Wote wanaweka.
Wa kule hawaoni ya huku.

Hapana.
Ndilo neno nililopewa miezi minane
kila nilipouliza
mbona simu inazimwa Alhamisi.

Nimeweka Ndiyo.

Utotoni nilichota maji kwa mzegazega.
Ndoo moja hukupinda ubavu,
mbili hukunyosha mgongo, ukatembea.
Mama sijamwambia hivyo,
kwa sababu atanikumbusha, na ni kweli,
siku niliyojikwaa kwenye jiwe la Bi Time
zikamwagika zote mbili
nikarudi na mti mtupu begani.

Nikaandika. Kisima, chupa, mama, chumvi.
Nikaandika kwamba la kwanza silitelekezi.
Mashine ikahesabu: hamsini na tatu.
Nikafuta tafadhali.
Nikafuta samahani.
Nikatafuta la tatu muda mrefu,
Asaa akapiga miayo,
nikafuta tu, lile lililokaa mbele ya "mwalimu."

Peleka, nikamwambia.

Kiduara kinazunguka. Kinazunguka.
Nje mtu anagonga bati,
anataka kutolewa nakala ya kitambulisho.
Ngapi? anauliza Asaa, bila kugeuka.
Mbili, anasema yule mtu. Mbili tu.