Weusi Uko Wapi

Kazi yangu siku ile haikuwa kuzima.
Nilikaa juu ya mwamba, ng'ambo ya korongo,
na kipima-upepo, redio, nusu chupa ya maji,
niutazame moto kwa niaba ya watu saba
walioinama mbele yake, wasiuone.
Aliye karibu na moto huona miali tu.
Tabia yake huonekana kutoka mbali.

Vale de Urze, bara ya Ureno, Agosti, saa tisa alasiri.
Moto ulikuwa mpole, ukishuka mteremko kinyumenyume,
ukimung'unya sindano kavu za misonobari
kama kibogoyo na mkate wa jana.
Hapo ndipo wengi hufia: kwenye moto mdogo,
mchana mzuri, mtu ameshafungua kifungo cha shingoni.

Unyevu wa hewa: kumi na tisa kwa mia.
Nusu saa baadaye: kumi na mbili.
Niliandika. Kalamu iliteleza kwa jasho.
Moshi uliokuwa umelala kuelekea mashariki
ukasimama wima, kama mtu aliyesikia jina lake.
Upepo ukanyamaza.

Sikia, wewe unayeanza kazi hii:
upepo ukivuma, uogope;
ukinyamaza ghafla, usingoje kujua kwa nini.

Nikamwita Adérito redioni.
"Upepo unageuka. Cheche zimeangukia korongoni.
Ziko chini yenu."
Chini yenu. Basi, maneno mawili.
Moto hauna mapafu, lakini hupenda kupanda;
upe mlima, nao utafanya kwa dakika moja
ulichoshindwa kwenye tambarare saa nzima.

Nyumba ya Belmiro Frazão ilikuwa hatua mia mbili mbele yao.
Madirisha manne, mzabibu, mizinga ya nyuki.
Belmiro mwenyewe alikwisha kuhamishwa,
funguo kamwachia Adérito mkononi.
Watu hawamwambii mzimamoto "jitahidi."
Humpa funguo.

Adérito hakujibu kwa pumzi tatu.
Nilizihesabu.
Kisha: "Tupeni mpira. Weusini, sote, sasa."

Weusi ni pale palipokwisha kuungua.
Tangu asubuhi walikuwa wameuacha mgongoni
kama mlango usiokomewa.
Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimcheka mtoto.
Hawakuwahi kusimama ndani ya mtoto huyo hadi vifundoni,
soli zikinuka, uso ndani ya kitambaa,
huku mikalitusi ya kushoto ikipasuka mmoja mmoja
kwa kishindo cha mabati yanayong'olewa paani.

Moshi ukafunga. Sikuona mtu.
Ulipoachia nikahesabu: sita.
Nikahesabu tena.
Sita.
Wa saba, Jacinta, alikuwa amechuchumaa nyuma ya Eurico, akitapika.
Sijawahi kuyapenda matapishi ya mtu namna ile.

Nyumba ilichukua dakika kumi na moja.

Belmiro hakutusalimu mwaka mzima.
Mgahawani aligeuza kiti, akanywa kahawa yake akitazama ukuta.
Sikumlaumu. Hajui hesabu yangu, nami sijui nyuki wake.
Adérito alimrudishia funguo mara mbili,
mara mbili zikaachwa mezani, pamoja na chenji.
Sasa zinaning'inia kituoni, msumarini, kando ya kofia,
funguo zisizo na mlango duniani.
Mgeni akiuliza, Adérito husema ni za stoo.

Utaziona kesho. Usiulize.
Jaza chupa, funga kifungo cha shingoni,
na kabla hujakunjua mpira wowote
nionyeshe kwa kidole, si kwa mdomo:
weusi uko wapi,
na ni hatua ngapi ukiwa umechoka.