Kikopo

Baba amevaa dishidasha ya Idi kuja kuona ndege,
na mfukoni amebeba kikopo cha dawa ya kifua
kilichokwisha dawa kabla sijazaliwa.
Hakuniambia kina nini.
Gari likiruka tuta, chalia kama jino lililong'oka.

Adam, saa nne asubuhi, jua limeshakasirika.
Makumbusho yako nyuma ya kituo cha petroli,
jengo la rangi ya mchanga, waweza kulipita usilione,
na labda ndivyo walivyokusudia,
maana hubara mwenyewe ndivyo aishivyo.

Ndani, baridi ya kutia mafua.
Mayasa, mwenye funguo, atuonyesha yai,
madoa yake kama mchuzi ulioruka ukutani;
atuonyesha ramani, na nyuzi nyekundu
zitokazo Kazakistani, zikavuka Uajemi, zikavuka maji,
zikaja kukatika karibu na hapa.
Nyingi zimekatika karibu na hapa.
Mayasa hasemi kwa nini.
Baba anasoma kibao cha mlango wa dharura.

Nyuma ya kioo kasimama mmoja aliyejazwa pamba,
ubavu wa shingo mstari mweusi, kishungi kimelala.
"Wamemnenepesha," baba ananong'ona, Kiswahili cha Wete,
lugha anayoiweka kwa mambo ya ndani.
"Hakuwa hivi. Ukimbeba, umebeba moyo
na manyoya ya kuufunika. Basi."

Mezani akakifungua kikopo.
Pete ya bati, ya mguuni, ndogo kuliko ya mtoto,
herufi za Kirusi, namba iliyolika nusu.
Mayasa akavaa glavu nyeupe ndipo akaipokea.
"Ulimpata wapi, ami?"
Alimwuliza kwa Kiarabu. Jibu likamtoka kwa Kiswahili:
"Sikumpata. Nilimla."
Kisha akanigeukia nifasiri.

Nikafasiri: alimkuta amekufa, kando ya njia, zamani.

Kiyoyozi kikakohoa.
"La," baba akasema, kwa Kiarabu kilichonyooka,
"mwanangu ananisitiri.
Kozi wangu alimwangusha kule Jidda,
mwaka ule mvua ziliponyesha mpaka tukakwama siku tatu.
Tukampika na wali na ndimu kavu. Tulikuwa sita.
Pete niliikuta nikimnyonyoa, nikajua ana watu wake
wanaomhesabu huko alikotoka.
Nikaona haya kuitupa.
Nikaona haya zaidi kuirudisha."

Nilitazama viatu vyangu. Mayasa aliandika namba,
akaisoma kwa sauti, akaiandika tena.
Hakusema kitu cha kumsamehe wala cha kumhukumu.
Aliuliza tu: "Umewahi kumsikia?"

"Hubara hana sauti."

"Anayo. Ila hulia kwao, majira ya kutafuta mke.
Huku kwetu huja na baridi, kama mgeni,
na mgeni hunyamaza."

Akamketisha kwenye kiti cha watoto, magoti juu,
akamvika vifaa vya masikioni juu ya kofia.
Kwanza hakusikia. Akatikisa kichwa, akataka kuvivua.
Kisha mkono wake ukaenda kifuani, ukabaki pale.
Mimi nilipovaa, nilielewa: si sauti ya sikio,
ni mtu nyumba ya pili anayeburura sanduku zito,
anapumzika, anaburura tena.

"Miaka yote ile," akasema, "nilidhani bubu."
Hakusema kwa lugha gani nilipaswa kufasiri,
na hapakuwa na aliyehitaji.

Pete wameiweka. Kikopo wamemrudishia.
Njiani kurudi hakizungumzi tena,
na kila tuta najikuta nakisubiri.
Tulipoipita njia panda ya Manah, joto arobaini na tatu,
baba akasema: "Zima kiyoyozi."
Nikazima.
"Na redio."
Redio ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.
Akateremsha kioo chake, upepo wa tanuri ukaingia,
akatoa sikio nje, kofia akiishika kwa mkono,
na mimi nikapunguza mwendo, ingawa ni Julai,
ingawa sote wawili tunajua
kwamba Julai hawapo.