Silabi ya Kwanza

Fomu ya hakimiliki inataka jina moja tu, kwa herufi kubwa.
Tuko jikoni kwa mama, Oklahoma, kaka yangu Doyle na mimi,
na ile kanda ya baba, imelika kama soli ya buti lake.
Kwenye kasha kaandika kwa penseli: …KUFUNGA GETI.
Herufi mbili za mwanzo kahawa imezinywa.

"Sikufunga," asema Doyle. "Baba anaungama."
"Hukufunga," nasema. "Analaumu."

Tunairudisha. Gitaa la chuma linalia,
fidla inaitikia, baba anavuta pumzi,
halafu krrr, mkwaruzo unameza silabi
na kutuachia geti, barabara, taa za lori,
na farasi jike mwekundu aliyeitwa Juniper.

Mara ya tano. Mara ya tisa.
Doyle anagonga meza: si!
Nami: hu!
Bundi wawili wasioelewana.

Mama, aliyekuwa akimenya viazi tangu tuanze,
anaweka kisu chini. Tunanyamaza, kalamu tayari.
Anachukua tochi, anavaa koti la marehemu,
anatoka.

Tunasikia komeo la geti likitikiswa
mara moja,
kisha tena.