Kiendeshi cha Karatasi Isiyo na Wino

Tartu, Februari. Mto umevaa barafu hadi shingoni.
Helve kavua glovu, kaniuliza
kwa sauti ya mtu aliyechoka kuhurumiwa:
"Kila siku unaniambia kina kinapanda.
Kinapanda vipi?
Kama ngazi, au kama homa?"

Sikuwa na jibu. Mimi nina macho,
na mwenye macho hutupia mchoro jicho moja
akadhani ameuelewa.

Usiku ule nikafungua matumbo ya programu,
ile huria, kongwe, iliyopita mikono mingi,
kila mkono ukiacha alama yake:
maelezo ya Kihispania,
nafasi mbili pale palipotakiwa nne,
na onyo la mtu nisiyemjua: "Usiguse hapa. Nilijaribu."

Nikagundua kwamba programu haijui karatasi.
Haijui wino, haijui skrini.
Inaamuru tu, gizani:
inua kalamu, nenda pale, shusha,
vuta mstari hadi hapa, andika "Aprili", basi.
Kutii ni kazi ya kiendeshi.
Kulikuwa na kiendeshi cha skrini, cha printa ya leza,
hata cha mashine iliyokwisha kuwa chuma chakavu
kabla mimi sijazaliwa.
Cha vidole hakikuwapo.

Nikaazima mashine ya Helve ya kuchapa breli,
nzito kama sanduku la misumari.
Rangi nikazitupa zote:
nyekundu ikawa nukta zilizobanana,
buluu ikawa nukta mojamoja, hatua za mtu mvivu.
Mshazari ndio ulionitoa jasho.
Nukta hazijui kuteleza;
zinajua kidato, na kidato, na kidato.

Chapa ya kwanza ililia kama mvua ya mawe juu ya bati.
Jirani akagonga ukuta.
Helve akapitisha kidole, akacheka hadi akashika meza:
"Ilmar! Mto wako umekauka katikati ya mafuriko!"
Kweli. Sifuri ya programu iko chini ya ukurasa,
sifuri ya mashine iko juu.
Nilikuwa nimeupindua mto, miguu juu kichwa chini.
Alama moja ya kutoa,
na maji yakarudi mahali pake.

Nikampelekea Baltasar wa Córdoba, mlinzi wa msimbo,
mistari mia tatu na kumi na mbili.
Akauliza: watatumia wangapi?
Nikajibu: ninayemjua ni mmoja.
Siku kumi na moja, kimya.
Kisha: "Rekebisha nafasi." Kesho yake: "Kimeingia."

Mei, barafu ilipokwisha kwenda zake,
nikamchapia majira yote ya kuchipua, nukta moja kwa siku.
Alisoma polepole, kahawa ikipoa.
"Si ngazi," akasema, "wala si homa.
Ni donge la mkate chini ya kitambaa.
Hulikamati likipanda, unalikuta limepanda."

Kidole kikasimama.
Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.
"Tarehe tisa Aprili. Mto ulikwenda wapi?"

Nikadhani kosa ni langu,
kiendeshi kimesahau kushusha kalamu.
Nikakagua msimbo: salama.
Nikatazama skrini: pengo lilikuwapo,
jembamba kama unywele,
na macho yetu, ofisi nzima,
yalikuwa yameliunga bila kuomba ruhusa.

Tarehe tisa sikwenda mtoni kusoma kipimo.
Tarehe tisa nilikuwa Võru, namzika baba,
na kazini sikumwambia mtu.

Nikamwambia Helve.
Hakusema pole.
Aliacha kidole chake palepale, penye karatasi tambarare,
kwa muda ambao mashine ingemaliza ukurasa mzima.